Elektrodi, fotoni mbili, hadubini ya kichwani au uzi wa mwanga: kipi kinamfaa mnyama anayejifunza kuchagua?

Siku ya kwanza, panya aliyewekwa mbele ya skrini huzungusha gurudumu ovyo. Hajui kwamba picha ikitokea kushoto anatakiwa kuivuta mpaka katikati ndipo apate tone la maji. Wiki chache baadaye anachagua sahihi mara nane au tisa katika kila kumi. Kuna kitu kimebadilika ndani ya fuvu lake, na anayepanga utafiti wa aina hii lazima aamue atakitazama kwa kifaa gani. Vya kuchagua ni vinne: elektrodi, yaani sindano inayosikiliza umeme wa seli; hadubini ya fotoni mbili, inayopiga picha za seli zinazong'aa kupitia kioo kwenye fuvu; hadubini ndogo inayobebwa kichwani; na uzi wa mwanga, unaosoma mng'ao wa jumla wa eneo zima.

Wengi huanza kwa kuuliza kifaa kipi kinaona seli nyingi zaidi. Hilo ni swali la tatu au la nne. Mnyama anapojifunza, kinachopimwa ni tofauti kati ya jana na leo. Basi sifa ya kwanza ya kifaa ni kama kesho kitakurudisha kwenye seli ileile, au angalau kwenye kipimo ambacho ukubwa wake wa leo unaweza kulinganishwa kihalali na wa jana.

Mabadiliko unayoyatafuta yana mwendo gani?

Kujifunza kuchagua hakuendi kwa kasi moja. Ndani ya jaribio moja, ishara, uamuzi, mwendo wa mwili na zawadi vinaweza kufuatana kwa nusu sekunde. Anayetaka kujua uamuzi ulianzia eneo gani anahitaji milisekunde. Ndani ya kipindi cha saa moja, mnyama anaweza kugundua kwamba upande wenye zawadi umegeuzwa. Hapo dakika zinatosha, ila kipimo kisiyumbe saa nzima. Kisha kuna ufundi unaojengeka siku kwa siku, ambao ndio wengi humaanisha wanaposema "kujifunza".

| Kifaa | Kasi | Seli kwa mara moja | Kina | Seli ileile kesho? | Mnyama |
|---|---|---|---|---|---|
| Elektrodi ya silikoni | chini ya milisekunde | mamia | karibu popote | kwa shida | kichwa kimefungwa, au huru kwa sindano nyepesi |
| Fotoni mbili | fremu 30 kwa sekunde, lakini kiashirio (protini inayong'aa seli inapofanya kazi) ni kizito | mamia hadi maelfu | takriban nusu milimita | ndiyo | kwa kawaida kichwa kimefungwa |
| Hadubini ya kichwani | fremu 20 hadi 30 kwa sekunde | makumi hadi mamia | popote lenzi inapofika | ndiyo, kwa sehemu | huru |
| Uzi wa mwanga | makumi ya sampuli kwa sekunde | hakuna seli mojamoja | karibu popote | eneo lilelile, si seli | huru |

Jedwali lina kasoro moja: linazipa safu zote uzito sawa. Kwa anayetafiti mnyama aliyekwisha kuhitimu, safu ya "kesho" haina maana kubwa. Kwa anayetafiti kujifunza kwenyewe, ndiyo inayoondoa nusu ya machaguo kabla hata hajafikiria kasi.

Elektrodi: mfalme wa milisekunde, mgeni wa kila siku

Mpigo wa umeme wa seli ya neva hudumu kama milisekunde moja, na elektrodi ndiyo inayouona jinsi ulivyo. Elektrodi ya silikoni iitwayo Neuropixels, toleo la kwanza lililotangazwa mwaka 2017, ina vituo 960 vya kurekodi kwenye sindano ya milimita 10, na 384 kati yake husomwa kwa pamoja mara 30,000 kwa sekunde. Toleo la pili la mwaka 2021 lina umbo la sindano nne zenye vituo 5,120, lakini bado ni chaneli 384 zinazosomwa kwa wakati mmoja. Saa moja ya kurekodi, kwa baiti mbili kila sampuli, ni takriban gigabaiti 83 kwa sindano moja. Panga hifadhi kabla ya kupanga upasuaji.

Mfano mkubwa wa nguvu yake ni ramani ya ubongo wa panya iliyotolewa mwaka 2025 na muungano wa maabara uitwao International Brain Laboratory: seli 621,733 kutoka maeneo 279 ya ubongo wa panya 139 waliokuwa wakichagua kushoto au kulia kwa gurudumu. Vigezo vikali vya ubora vilipotumika, zilizobaki kuwa seli zilizotenganishwa vizuri ni 75,708, yaani takriban moja katika nane. Ukisoma mahali kwamba sindano fulani "iliona seli elfu", uliza ni kwa kigezo gani. Na zaidi ya hapo: panya wale walikuwa wamekwisha kufunzwa. Ramani inaonyesha jinsi uamuzi ulivyosambaa ubongo mzima. Namna ulivyofika huko siku kwa siku haimo.

Sababu ni ya kimitambo. Kwa sindano ya muda, unafungua tundu dogo kwenye fuvu, unachovya ncha kwenye rangi inayong'aa ili baadaye uione njia yake kwenye vipande vya ubongo, unaishusha kwa maikromita chache kwa sekunde, kisha unasubiri dakika 15 hadi 30. Kungoja huko si anasa. Tishu iliyosukumwa hurudi mahali pake polepole, na ukianza mapema seli zitaonekana zikihama kutoka chaneli moja hadi nyingine, halafu programu ya kutenganisha mipigo itaikata seli moja kuwa mbili. Kipindi kikiisha, sindano inatolewa. Kesho utashusha tena, karibu na pale, lakini kwa seli nyingine.

Je, hilo linaiua hoja ya kujifunza? La. Chi-Tat Law na Joshua Gold, katika kazi yao ya mwaka 2008, waliwafundisha tumbili kwa miezi kutambua mwelekeo wa nukta zinazosogea huku wakirekodi eneo la MT, linalosoma mwendo wa vitu, na eneo la LIP, linalohusika na kuelekeza macho kwenye jibu. Seli hazikuwa zilezile kila siku. Hata hivyo, kwa kuwa mafunzo yalikuwa marefu na vipindi vingi, wastani ulitosha kuonyesha jambo safi: usikivu wa MT haukubadilika sambamba na kujifunza, ilhali shughuli ya LIP ilibadilika. Tumbili hawakuwa wanaona vizuri zaidi. Walikuwa wanasoma vizuri zaidi kile walichokuwa wakikiona tangu mwanzo. Kwa hiyo sampuli mpya kila siku inafaa ukiwa na muda mrefu, vipindi vingi, na swali linalojibiwa na wastani wa eneo. Ukiwa na wanyama watano wanaojifunza kwa siku sita, tofauti kati ya sampuli na sampuli itaimeza tofauti ya kujifunza.

Sindano ya kudumu, iliyogandishwa kwa saruji ya meno na kuachwa kichwani, inasogeza mambo mbele. Unaweza kupata wiki kadhaa, ingawa idadi ya seli kwa kawaida hupungua. Kuna programu zinazolinganisha umbo la mpigo na mahali pake kwenye sindano ili kuifuata seli siku hadi siku. UnitMatch ya mwaka 2024 ni mojawapo. Zitumie kwa siku zinazofuatana kwanza. Kabla ya kuziamini, gawanya kipindi kimoja nusu mbili na uone inaziunganisha seli ngapi na zake zenyewe. Kama hapo tu inakosea sana, usiipe siku kumi.

Hitilafu mbili hujirudia. Ya kwanza ni kihisi cha ulimi kinachofanya kazi kwa mguso wa umeme: kila panya akilamba, mkondo unaingia kwenye rekodi hasa wakati wa uamuzi, na mnyama anavyojifunza ndivyo anavyolamba kwa mpangilio zaidi. Utapata "seli za uamuzi" zinazokua vizuri siku kwa siku, na hazipo. Tumia kihisi cha mwanga. Ya pili ni kuhama kwa sindano ndani ya kipindi. Seli ikisogea mbali, mipigo yake inashuka chini ya kizingiti na inaonekana imenyamaza. Chora urefu wa mpigo dhidi ya muda. Ukishuka pamoja na idadi ya mipigo, hapo hakuna la kuripoti.

Usizidharau nyaya nne zilizosokotwa, tetrodi, kwa sababu tu ni za zamani. Ni nyepesi, panya wa aina kubwa (rat) huzibeba akitembea, na zikiwekwa kwenye kishikizo chenye skrubu ndogo unaweza kuzisogeza: robo mzunguko kwa skrubu nyingi ni maikromita 60 hadi 80. Mandar Jog, Ann Graybiel na wenzao walizitumia katika kazi ya mwaka 1999 iliyobaki kuwa rejea: panya wakubwa wakijifunza njia yenye umbo la T, seli za striatamu ambazo mwanzoni zilifanya kazi sana kwenye kona ya kuchagua zilijipanga upya hadi shughuli ikajikusanya mwanzoni na mwishoni mwa mbio. Striatamu iko chini ya gamba la ubongo, mahali ambapo hadubini ya fotoni mbili haifiki bila kuchimba.

Fotoni mbili: seli ileile, lakini saa yake inachelewa

Hadubini ya fotoni mbili ilianzishwa mwaka 1990 na Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb. Leza, kwa kawaida ya nanomita 920 kwa protini za GCaMP, huamsha mwanga kwenye nukta ndogo tu, na seli inapofanya kazi kalsiamu huingia ndani yake na protini hung'aa. Familia ya GCaMP6 ya mwaka 2013 ndiyo iliyoifanya njia hii ienee, na jGCaMP8 ya mwaka 2023 imeongeza kasi ya kupanda kwa mwanga.

Kwa kujifunza siku kwa siku kwenye gamba la juu la ubongo, hiki ndicho chaguo langu la kwanza, na sababu inaonekana kwenye matokeo. Jasper Poort na wenzake mwaka 2015 walizifuata seli zilezile za gamba la kuona la panya waliojifunza kutofautisha michirizi katika njia ya kompyuta, wakaonyesha kwamba seli ziliongeza uwezo wa kutofautisha kadiri panya alivyojifunza. Ukiiweka kando ya kazi ya tumbili hapo juu, utaona majibu mawili tofauti kuhusu kama sehemu ya hisia hubadilika. Wanyama ni tofauti, maeneo ni tofauti, muda wa mafunzo pia. Kifaa peke yake hakielezi tofauti hiyo. Lakini ni kwa kuifuata seli mojamoja tu unapoweza kusema kama zimebadilika zilezile au zimeingia nyingine.

Kazi ya kurudi kwenye seli ileile ni ya mikono kuliko ya programu. Fuvu hufunguliwa kwa upana wa milimita 3 hadi 5 na kuzibwa kwa kioo. Virusi vinavyobeba jeni la kiashirio huhitaji wiki mbili hadi tatu. Kila siku tafuta kwanza ramani ya mishipa ya damu ya juu, kisha shuka hadi kina cha jana, kisha linganisha na picha ya wastani ya siku ya kwanza kabla ya kuanza kurekodi. Watu hulinganisha mahali na kina, wakasahau pembe. Kichwa kikiinama kwa digrii moja tu, kwenye uwanja wa maikromita 500 upande mmoja utakuwa chini kwa karibu maikromita 9 kuliko mwingine. Mwili wa seli una upana wa maikromita 10 hadi 15. Yaani nusu ya picha yako inaangalia seli za jana na nusu nyingine inaangalia majirani zao. Bamba la kichwa lirudi kwenye pembe ileile kila siku, na kama kishikio kinalegea, kitengenezwe kabla ya mnyama wa kwanza.

Mambo mengine yanayoharibu:

- Mwanga wa skrini ya panya kuingia kwenye lenzi. Unapanda na kushuka pamoja na ishara, kwa hiyo unafanana kabisa na jibu la seli. Ziba kwa koni nyeusi kati ya lenzi na bamba, kisha rekodi leza ikiwa imezimwa na skrini ikiwaka. Picha iwe giza tupu.
- Kiashirio kuzidi. Seli ambayo kiini chake pia kinang'aa ni mgonjwa. Itoe kwenye hesabu, na zikiwa nyingi mwache mnyama huyo.
- Panya waliozaliwa na kiashirio kilichosambaa kwenye gamba zima. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba baadhi ya koo za panya wa GCaMP6 huwa na mishtuko ya umeme isiyo ya kawaida, inayofanana na ya kifafa. Angalia shughuli ya gamba zima kabla ya kuanza mafunzo.
- Mfupa kuota chini ya kioo, kwa kawaida kuanzia ukingoni. Kioo kikae kikigusa tishu, bila pengo.

Tatizo kubwa zaidi ni wakati. Kwa GCaMP6s, mwanga wa mpigo mmoja huchukua takriban nusu sekunde kushuka hadi nusu yake, na mipigo mingi huchukua zaidi. Kama ishara, uamuzi na zawadi vinafuatana kwa sekunde moja, vyote vitalaliana. Wapo wanaoweka ngojo la sekunde moja au mbili kati ya ishara na ruhusa ya kujibu. Linatenganisha vizuri, ila ujue umebadilisha kazi: sasa mnyama lazima akumbuke, na sehemu ya unachokiita kujifunza kuchagua ni kujifunza kusubiri. Kwa viashirio vya haraka zaidi ngojo linaweza kupunguzwa.

Kisha kuna jambo ambalo linawapata hata wenye picha safi. Laura Driscoll na wenzake mwaka 2017 waliwarekodi panya wanaoijua kazi yao, tabia ikiwa imetulia, na bado seli za gamba la parieto zilibadilisha majibu yao wiki hadi wiki. Ina maana kwamba "seli zilibadilika kati ya siku ya 1 na ya 15" haitoshi. Lazima uwe na panya waliohitimu, wakirekodiwa kwa siku 15 bila jambo jipya, ili ujue ni mabadiliko kiasi gani yanatokea bila kujifunza chochote. Kundi hili huachwa mara nyingi kwa kuwa linaonekana ni kupoteza muda wa hadubini. Bila hilo, tokeo zima halina kizingiti cha kulinganishwa nacho.

Hadubini ya kichwani

Inafaa pale mnyama lazima atembee na eneo liko ndani: hipokampasi, striatamu, amigdala. Ile iliyoelezwa mwaka 2011 ilikuwa na gramu 1.9, panya mwenyewe ana gramu 20 hadi 30, kwa hiyo kila gramu ni deni. Mzoeshe kubeba uzito wa bandia kwa siku kadhaa kabla ya mafunzo, la sivyo mkunjo wa kujifunza utachanganyika na mkunjo wa kuzoea mzigo.

Lenzi yenye upana wa nusu milimita hadi milimita moja hupita kwenye tishu na kuiharibu. Kwa hipokampasi, gamba lililo juu yake huondolewa. Kama kazi yako inalihitaji gamba hilo, umekwisha kuliathiri. Subiri wiki tatu hadi sita picha isafike.

Mwanga wake ni wa fotoni moja, unaoamsha tishu yote unayopita badala ya nukta ndogo, hivyo ukungu wa chini unazichanganya seli jirani. Kwa kujifunza, hii ina sumu yake: shughuli ya jumla ya eneo ikiongezeka, seli zote zitaonekana zimeanza kufanana. Tumia njia za uchambuzi zinazokadiria ukungu huo waziwazi, na usijenge hoja kuu juu ya uhusiano wa seli mbili zilizo karibu. Kuziunganisha seli siku kwa siku kunawezekana, ila tegemea kwamba sehemu tu itaonekana siku zote, na zinazopotea haziwi za nasibu: zilizonyamaza hazionekani. Ukihesabu zile tu zilizoonekana kila siku, umejichagulia seli zenye sauti kubwa.

Uzi wa mwanga: rahisi kufunga, rahisi kudanganyika

Kinachohitajika ni uzi unaopenyezwa ubongoni wenye upana wa maikromita 200 hadi 400, mwanga wa nanomita 470 wa kusoma kiashirio, na mwingine wa 405 au 415 ambao hauathiriwi sana na kalsiamu, kwa ajili ya kusahihisha mtikisiko. Faili ni ndogo, upasuaji ni mfupi, mnyama anatembea, na unaweza kuwa na wanyama wengi kwa wakati mmoja. Kwa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi, ni chaguo zuri sana.

Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza mwaka 1997 kwamba seli za dopamini hubeba kosa la utabiri, yaani tofauti kati ya zawadi iliyotarajiwa na iliyopatikana: mwanzoni hujibu zawadi yenyewe, baada ya mafunzo hujibu ishara inayoitabiri, na zawadi ikikosekana hushuka pale pale ilipotarajiwa. Kuhama huko kutoka zawadi kwenda ishara ndiko wengi wanataka kukiona kwa uzi wa mwanga. Angalieni vali ya maji. Hubofya inapofunguka, na mlio huo hutabiri tone kwa uhakika kuliko picha yoyote mtakayoonyesha. Panya akiuzoea, jibu la "zawadi" ni jibu la mlio. Weka vali mbali, izibe kwa sponji, au weka kelele nyeupe ya kuufunika.

Kushuka kunakotokana na zawadi iliyokosekana ni kugumu kukipata. Seli hizi kwa kawaida hupiga mara chache tu kwa sekunde, hivyo nafasi ya kushuka ni ndogo kuliko ya kupanda, na kiashirio kizito huilainisha zaidi. Kutokuiona hakumaanishi haipo. Pia amua mapema unapima nini: GCaMP ndani ya seli ya dopamini huonyesha shughuli ya seli, ilhali vihisi vya dLight na GRAB vya mwaka 2018 huonyesha dopamini iliyotolewa mahali uzi ulipo. Viwili hivyo havilazimiki kwenda sambamba.

Kosa la uchambuzi linalofuta matokeo kimyakimya ni kusawazisha kila kipindi kwa wastani na mtawanyiko wake mwenyewe. Kama jibu la ishara limekua kila siku, mtawanyiko nao umekua, na ukigawanya umeufuta ukuaji. Kinyume chake, kiashirio kikiendelea kuongezeka mwilini kwa wiki mbili za kwanza, thamani ghafi zitapanda bila kujifunza. Njia salama ni kuanza mafunzo baada ya mwanga wa msingi kutulia, na kila siku kutoa matone machache yasiyotarajiwa kabla ya kazi, yawe rula ya kupimia mengine. Linganisha ishara na matone hayo ya siku hiyohiyo.

Usichokipata kamwe kwa uzi ni kama seli zaidi zimejiunga au zilezile zimeongeza sauti. Kama hilo ndilo swali lako, usiununue urahisi wake.

Kazi unayompa mnyama huamua zaidi kuliko kifaa

Kazi ya "lamba au usilambe" hufunzwa haraka. Lakini panya wapya hulamba kila kitu, kwa hiyo wanachojifunza hasa ni kujizuia, na panya aliyeshiba anafanana na panya aliyekosea. Kazi ya pande mbili huchukua siku nyingi zaidi, ila kutojibu na kujibu vibaya vinatengana. Kwa kulinganisha siku ya mapema na ya baadaye, pande mbili zinafaa zaidi. International Brain Laboratory, muungano uliotajwa hapo juu, ulichapisha mwaka 2021 utaratibu wa gurudumu uliojaribiwa kwa panya 140 katika maabara saba za nchi tatu; kuuiga kunakupa mkunjo wa kulinganisha nao. Zingatia maji: uzito wa mnyama usishuke chini ya asilimia 80 hadi 85 ya ule wa kuanzia, kwa kanuni ya taasisi yako, na tone la zawadi liwe maikrolita 1.5 hadi 3. Ukiliongeza tone siku za mwanzo ili kumvutia mnyama, dopamini ya siku hizo haitalinganishwa na ya baadaye.

Kubwa kuliko yote ni mwendo wa mwili. Kazi mbili za mwaka 2019, moja ya Simon Musall na wenzake na nyingine ya Carsen Stringer na wenzake, zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya shughuli ya ubongo wa panya inaelezeka kwa miendo ambayo hakuna aliyemwagiza aifanye: masharubu, uso, mkao. Mnyama anayejifunza hubadilisha hivyo vyote. Anajibu haraka zaidi, anatulia kabla ya ishara, anainama kwa namna ileile kila mara. Mabadiliko ya ubongo unayoyaona yanaweza kuwa kivuli cha mabadiliko ya mwili. Weka kamera ya uso na ya mwili tangu siku ya kwanza, fremu 60 kwa sekunde au zaidi, zikiwa zimeunganishwa saa moja na kifaa cha kurekodi. Kisha chagua majaribio ya mapema na ya baadaye yenye muda sawa wa kujibu na mwendo unaofanana, ulinganishe hayo tu. Mwishoni mwa kila kipindi onyesha pia picha zilezile bila gurudumu wala maji. Tofauti ikibaki hapo, ipo kwenye kusoma ishara; ikitoweka, ilikuwa kwenye kutenda au kutarajia.

Kwa hiyo, nani achukue nini

Swali likiwa "seli hizi za gamba zinabadilikaje siku kwa siku", chukua fotoni mbili, na kundi la waliohitimu. Likiwa "uamuzi unaanzia wapi kabla na baada ya mafunzo", chukua elektrodi za silikoni katika makundi mawili, wapya na waliohitimu, bila kujidai kuwa umezifuata seli. Mnyama akigeuziwa upande wa zawadi ndani ya saa moja, elektrodi tena, kwa kuwa sindano haijatoka. Dopamini kwa siku nyingi: uzi wa mwanga. Eneo la ndani na mnyama anayetembea: hadubini ya kichwani kama lazima uone seli, la sivyo uzi.

Kuhusu idadi: seli elfu tano kutoka panya watatu ni panya watatu. Seli za mnyama mmoja zimejifunza pamoja, siku zilezile, kwa makosa yaleyale. Panga wanyama sita hadi kumi kwa kundi, na tegemea kuwapoteza wachache kwa kioo kilichoingia ukungu au panya asiyejifunza. Huyu wa mwisho usimtupe. Amekaa kwenye kifaa siku zilezile, ameona picha zilezile, amekunywa maji yaleyale, na hakujifunza. Hakuna kundi la kulinganishia lililo karibu zaidi na wenzake. Na rekodi ya kwanza kabisa ifanywe kabla ya tone la kwanza la zawadi, kwa sababu baada ya hapo kila kipindi ni cha mnyama aliyekwisha kuanza kujifunza.